Kituo kisichozalisha umeme kinavyoitia Ulaya tumbojoto

KITUO kikubwa zaidi cha kawi ya nyuklia barani Ulaya kilizima kinu chake cha mwisho mnamo Septemba 11, 2022. Kwa zaidi ya miaka mitatu iliyofuata, kituo hicho cha Zaporizhzhia, kilichoko mjini Enerhodar, kusini mwa Ukraine, hakikuingiza hata megawati moja ya umeme katika gridi. Badala yake kiligeuka kuwa mteja. Mitambo iliyojengwa kuwasha taa katika mamilioni ya nyumba ikawa inategemea umeme wa kutoka nje ili isije ikasababisha maafa.

Kinaya hicho ndicho kinachopaswa kuzingatiwa na kila anayejadili usalama wa kawi barani humo. Vita na nyuklia vinapotajwa pamoja, wengi hupata picha ya kombora likitua juu ya kinu na wingu la miale hatari likitanda angani. Hatari hiyo ipo, na si ndogo. Lakini yaliyoshuhudiwa Ukraine tangu Februari 2022 yanaonyesha kuwa cha kuogopwa zaidi ni waya uliokatika, kidimbwi kilichokauka na mhandisi aliyechoka.

Sababu ni kwamba kinu cha nyuklia hakizimwi kama taa. Hata baada ya upasuaji wa atomi kusitishwa, fito za urani zilizomo ndani huendelea kutoa joto kwa miezi na hata miaka. Mara tu kinu kinapozimwa, joto hilo huwa kiasi cha asilimia 6 ya nguvu zake za kawaida. Kisha hupungua siku baada ya siku, ila halikomi. Ni lazima maji yazungushwe ili kulipoza, na pampu za maji haziendi bila umeme. Mnamo Machi 11, 2011, vinu vya Fukushima nchini Japan vilijizima vyenyewe, kama vilivyoundwa kufanya, baada ya tetemeko la ardhi. Kilichoviangamiza ni mawimbi ya tsunami yaliyozamisha majenereta na kuviacha bila umeme. Vinu vitatu viliyeyuka ndani kwa ndani. Hapakuwa na adui wala bomu.

Zaporizhzhia kuna vinu sita, kila kimoja cha takriban megawati 1,000. Kabla ya vita, kituo hicho kiliipa Ukraine karibu moja kwa tano ya umeme wake wote, na kiliunganishwa na gridi kwa njia nne kuu za kilovolti 750 pamoja na nyingine sita za akiba, za kilovolti 330. Wanajeshi wa Urusi walikiteka Machi 4, 2022, baada ya mapigano ya usiku yaliyoliteketeza jengo la mafunzo lililo karibu na vinu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa kituo cha nyuklia kinachozalisha umeme kutwaliwa na jeshi la kigeni vitani.

Tangu siku hiyo njia za umeme zilikatika moja baada ya nyingine. Kufikia mapema 2025 zilisalia mbili tu. Ile ndogo ilikatika Mei mwaka huo. Ile kubwa nayo ikakatika Septemba 23, na kituo kikabaki bila umeme wowote wa kutoka nje. Ilikuwa mara ya kumi kwa hali hiyo kutokea tangu vita vianze, na ndiyo iliyodumu zaidi: mwezi mzima. Siku zote hizo kituo kilitegemea majenereta ya dizeli, mashine zilizokusudiwa kutumiwa kwa dharura ya saa au siku chache tu, yakipokezana zamu usiku na mchana. Umeme ulirejea Oktoba 23, baada ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kuzishawishi pande zote mbili zisitishe mapigano katika maeneo machache ili mafundi waunge nyaya pande zote za mstari wa vita.

Ifahamike kwamba wakati huo joto la fito lilikuwa limepungua sana, vinu vikiwa vimezimwa kwa miaka mitatu. Lau umeme ungepotea kwa mwezi mzima mnamo Machi 2022, vinu vikiwa bado vinafanya kazi, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Majirani wa kituo hicho waliokolewa na muda, wala si na busara ya majenerali.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Njia hiyo kuu iliyoungwa Oktoba 2025 inatoka katika eneo linalodhibitiwa na serikali ya Kyiv. Hivyo basi, vinu ambavyo Moscow inadai kuwa mali yake vilipozwa kwa umeme wa Ukraine, nchi ambayo gridi yake imekuwa ikishambuliwa kwa makombora na droni za Urusi tangu Oktoba 2022. Anayekishikilia kituo anamtegemea anayempiga. Naye anayepigwa hawezi kukata umeme huo, kwa kuwa maafa yakitokea yatakuwa katika ardhi yake na kuwaangamiza watu wake.

Maji nayo yana kisa chake. Kituo hicho kilipoza mitambo yake kwa maji ya bwawa la Kakhovka katika mto Dnipro. Juni 6, 2023, ukuta wa bwawa hilo ulibomoka, vijiji vikafurika na ziwa zima likakauka. Ukraine ililaumu majeshi ya Urusi yaliyokuwa yakiudhibiti. Urusi ikakana na kuilaumu Ukraine. Ili kuokoa hali, visima 11 vilichimbwa ndani ya eneo la kituo. Maji ya visima hivyo yanatosha vinu vilivyozimwa. Hayatoshi kamwe kuviendesha vyote sita.

Halafu kuna wafanyakazi. Kabla ya uvamizi, kituo kilikuwa na watu wapatao 11,000. Wengi walitoroka. Waliobaki walishinikizwa kutia saini mikataba na kampuni iliyoundwa na Urusi, na kuanzia Februari 2024 wale waliodinda walipigwa marufuku kuingia kazini. Mitambo ya nyuklia huendeshwa na watu wenye leseni, mafunzo ya miaka mingi na akili iliyotulia. Ni vigumu kuona jinsi mhandisi anayefanya kazi mbele ya bunduki, familia yake ikiwa imetawanyika, anavyoweza kuwa na sifa hiyo ya tatu.

Sheria za kimataifa hazikuyatarajia haya. Itifaki ya kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza katika kifungu cha 56 kushambuliwa kwa mabwawa na vituo vya nyuklia iwapo shambulio litaachilia nguvu zitakazowaangamiza raia wengi. Hata hivyo, katazo hilo lina mwanya: kituo kinachotoa umeme wa kusaidia operesheni za kijeshi moja kwa moja kinaweza kupoteza kinga hiyo. Zaidi ya hayo, walioandika kifungu hicho walimfikiria adui anayeshambulia kutoka nje. Hawakumfikiria anayeingia ndani, akaegesha magari yake ya kijeshi kando ya mitambo na kukaa. Jeshi linaloteka kituo namna hiyo hupata ngao ambayo mpinzani hathubutu kuipiga.

Pengo hilo ndilo Mkurugenzi Mkuu wa IAEA, Rafael Grossi, alijaribu kuliziba alipowasilisha kanuni tano mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Mei 30, 2023. Miongoni mwake ni kwamba kituo kisishambuliwe wala kisitumiwe kushambulia, kisiwe ghala la silaha nzito, na umeme wake wa kutoka nje usihatarishwe. Kanuni hizo hazina askari wa kuzilinda. Wakaguzi wa shirika hilo, ambao wamekuwa wakipokezana kituoni humo tangu Septemba 2022, huripoti milio na uharibifu bila kumtaja aliyefyatua, jambo lililowaudhi wengi. Lakini bila ukimya huo huenda wangekuwa wamefukuzwa zamani, na usitishaji wa mapigano wa Oktoba 2025 haungekuwa na mpatanishi.

Zaporizhzhia si peke yake. Kituo cha Chernobyl, kilicholipuka Aprili 26, 1986, kilitekwa siku ya kwanza ya uvamizi, Februari 24, 2022, na kushikiliwa hadi mwisho wa Machi. Wafanyakazi wa zamu moja walikwama humo kwa zaidi ya wiki tatu. Februari 14, 2025, droni ilitoboa kuba kubwa la chuma lililofunika mabaki ya kinu kilicholipuka, kuba lililotarajiwa kudumu miaka 100. Ukraine ilisema droni hiyo ni ya Urusi, Moscow ilikana. Kiwango cha miale hakikupanda, lakini Desemba 2025 IAEA ilisema kuba hilo halingeweza tena kutekeleza kazi yake kuu ya kuzuia sumu isivuje. Upande wa pili wa mpaka, droni iliyodunguliwa Agosti 24, 2025 ilizua moto katika kituo cha Kursk nchini Urusi na kukilazimu kinu kimoja kupunguza uzalishaji kwa nusu. Vinu vya Kursk ni vya muundo uleule wa Chernobyl, visivyo na kuba la zege. Kwa hivyo hatari hii haina upande mmoja.

Vituo vitatu vilivyosalia mikononi mwa Ukraine, Rivne, Khmelnytskyi na Pivdennoukrainsk, ndivyo vilivyokuja kuzalisha zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hiyo. Havikuhitaji kupigwa ili viathirike. Mnamo Novemba 23, 2022, makombora yalipoiangusha gridi, vinu vyote vya Ukraine vilikatwa kutoka kwenye gridi kwa wakati mmoja. Vituo vidogo vya kusambaza umeme, ambavyo havina kinga yoyote ya kifungu cha 56, ndivyo kisigino cha mfumo mzima.

Hapa ndipo mataifa mengine ya Ulaya yanapoingia. Mnamo 2021, Umoja wa Ulaya ulinunua kutoka Urusi takriban asilimia 45 ya gesi yote uliyoagiza kutoka nje. Vita vilipozuka, bei zikaruka, na Septemba 26, 2022 mabomba ya Nord Stream yakalipuliwa chini ya bahari ya Baltiki. Gesi iliyokuwa ikipitia Ukraine ilikoma Januari 1, 2025, na Desemba mwaka huo wakuu wa Umoja huo wakaafikiana kuachana kabisa na gesi ya Urusi kufikia 2027. Katika hekaheka hizo, nyuklia ilionekana kuwa kimbilio. Ubelgiji iliifuta sheria yake ya kuachana na nyuklia mnamo Mei 2025, nayo Poland inapanga kituo chake cha kwanza. Ujerumani pekee, miongoni mwa vigogo, ilishikilia msimamo wake na kuzima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023.

Je, kimbilio hilo ni salama kiasi gani? Ufaransa, inayotegemea nyuklia kuliko taifa lingine lolote la bara hilo, ilijikuta mnamo 2022 karibu nusu ya vinu vyake vimezimwa kwa sababu ya kutu na ukarabati, ikalazimika kununua umeme kwa majirani mwaka uleule ambao ingewauzia kwa bei nono. Isitoshe, mkono wa Urusi umo humo humo. Finland, Bulgaria, Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Czech zina vinu vilivyobuniwa enzi ya Muungano wa Kisovieti, ambavyo kwa miaka mingi vilitegemea fito za Urusi. Baadhi ya nchi hizo zimeanza kununua kwa kampuni ya Westinghouse ya Marekani. Urusi pia inamiliki zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa dunia wa kurutubisha urani. Ndiyo maana shirika lake la nyuklia, Rosatom, halikuwekewa vikwazo na Umoja wa Ulaya hadi mwisho wa 2025, ilhali mafuta, benki na matajiri wa nchi hiyo walikuwa wameadhibiwa awamu baada ya awamu. Hungary hata iliipa Rosatom kazi ya kujenga vinu viwili vipya mjini Paks. Nayo urani ya Niger si ya kutegemewa kama zamani: baada ya mapinduzi ya Julai 2023, utawala wa kijeshi ulitaifisha mgodi wa Somaïr, wenye hisa nyingi za kampuni ya Ufaransa ya Orano, mnamo Juni 2025. Kuikimbia gesi ya Urusi na kuangukia urani ya Urusi ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Si ajabu basi kwamba kituo kisichotoa umeme kimekuwa miongoni mwa mambo mazito zaidi kwenye meza ya mazungumzo. Machi 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alidokeza kuwa nchi yake inaweza kuvimiliki vituo vya Ukraine. Mpango wa vipengele 28 uliojitokeza Novemba mwaka huo ulipendekeza Zaporizhzhia ifufuliwe chini ya uangalizi wa IAEA na umeme ugawanywe nusu kwa nusu kati ya Urusi na Ukraine.

Kwenye karatasi hesabu hiyo ni rahisi. Lakini maji ya kuendesha vinu sita yanahitaji bwawa, na bwawa la Kakhovka lina kingo mbili: ule wa kushoto umekuwa mikononi mwa Urusi tangu 2022, na ule wa kulia ulikombolewa na Ukraine Novemba mwaka huohuo. Hakuna upande unaoweza kuujenga upya ukuta huo mwenzake akiwa na mizinga ng'ambo ya mto. Hakuna pia anayeweza kurejesha njia zote kumi za umeme ilhali nguzo zake zimesimama kwenye mashamba yaliyotegwa mabomu, pande zote mbili za vita.