Afya Nyumbani: Malaria Inapobana Kifua

Katika nyumba za kambi, maumivu ya kifua huitwa upesi kichomi, na mgonjwa hupewa dawa ya kikohozi kisha akafunikwa blanketi. Pengine ni kichomi kweli, au misuli iliyochoka kwa kutetemeka na kutapika. Lakini penye homa, malaria isisahauliwe.

Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo. Damu ikipungua sana, moyo hupiga mbio. Viganja vya mtoto hupauka, na kifua chake hubonyea chini ya mbavu kila avutapo hewa. Kwa mtu mzima, hasa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, maji yaweza kujaa mapafuni. Hatari hii ina hila: huweza kuzuka hata baada ya dawa kuanza, homa ikishuka. Askari aliyesema jana kwamba amepona, na leo hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, arudishwe hospitali usiku huo huo.

Huko damu hupimwa, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Majaribio ya nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo, yaliyotangazwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Jamaa wasidai chupa za maji ya mshipa kana kwamba ni heshima ya mgonjwa. Yakizidi, hufurika mapafuni. Njiani mgonjwa asilazwe chali. Aketishwe, mgongo ukiegemezwa.