STI Mpya Inakuja? Kabla Mbishane Manuali ama Oto, Angalieni Kalenda Kwanza

Kama uko na beshte wa Subaru hapa Kitengela, simu yako haijapumzika tangu Oktoba 2025. Hapo ndipo Subaru walianika gari ya maonyesho inaitwa Performance-B STI huko Tokyo, na mbogi yote ikawaka. Kwa base, kwa kuosha gari, hata mkingoja smokie, stori ni moja: ikitoka, unachukua manuali ama oto?

Swali ni fiti. Shida ni kwamba wengi wetu tunajibu kama watu wenye watanunua hiyo gari ikiwa mpya. Buda, tuambiane ukweli. Wewe na mimi tutaipata ikishatumika.

Na hapo ndipo mambo inabadilika. Kwa wasee wa kawaida, gari huzinduliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni Tokyo. Mara ya pili ni bandarini Mombasa, miaka kadhaa baadaye, msee wa Osaka akishachoka nayo. Huyo msee, siku ananunua, ndiye anakuchagulia giaboksi. Asipoagiza manuali, wewe hutaipata hata ukiwa na doo mkononi.

Angalia vile ilienda na WRX. Ile ya umbo jipya ilizinduliwa 2021. Wamarekani walipewa manuali ya gia sita. Japani wakapewa WRX S4, oto pekee, ya aina ya CVT, ile inatumia puli mbili na cheni badala ya gia za kawaida. Ya Marekani usukani uko kushoto, so Kenya hiyo sahau. Australia wako na manuali ya usukani wa kulia, lakini gari zetu nyingi zinatoka Japani. Ndio maana ukiskia mtu akisema "nitangoja tu ile mpya nichukue stick", muulize anaingoja kutoka nchi gani.

Sasa kalenda. Sheria ya KEBS inasema gari iliyotumika isizidi miaka minane. Kutoka Januari 2026, inayoingia lazima iwe ilisajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. STI ya mwisho yenye tunaijua, ile VAB ya injini ya EJ20, lita mbili, farasi 308, manuali tu, Japani waliacha kuichukulia oda Desemba 2019. Zile za Final Edition zilikuwa 555 pekee.

Unaona hesabu inaelekea wapi? Mlango wa VAB unafungwa Desemba hii. Zitabaki zile chache zilizosajiliwa 2020, nazo mwisho wao ni Desemba 2027. Na usingoje hadi Krismasi uanze kutafuta, kwa sababu meli peke yake inakula wiki kadhaa. Baada ya hapo STI zitakuwa zile tu ziko Kenya tayari, na nyingi zimeshapigwa hadi zikajuta.

Pesa nayo? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so hesabu zangu ni za kikaratasi, lakini hii hata wewe utaweza. Tuseme KRA wamethamini gari mita moja. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya 1500cc ni asilimia 25 ya jumla, unaongeza 337,500. VAT ya asilimia 16 inakuja 270,000. IDF na ada ya reli, 45,000. Jumla ni 1,002,500. Yaani gari ya mita inadai mita ingine kwa serikali. Na hiyo thamani ni KRA wanapanga, si ile risiti yako ya Japani.

So ukikosea giaboksi, umekosea mara mbili ya bei.

Sasa turudi Namanga Road, kwa sababu hapo ndipo utaiendesha, si kwa video. Ukirauka saa kumi na moja kutoka Kitengela kuelekea Athi River, unajua hiyo foleni. Klachi ya gari ya spoti ni nzito. Unakanyaga, unaachilia, unakanyaga, matatu inakuchomekea, unaanza tena. Siku tano kwa wiki. Hadi ufike Nairobi, mguu wa kushoto umeshachapa kazi kuliko wewe.

Lakini Jumamosi asubuhi, elekea upande ule mwingine. Pita Isinya, barabara inafunguka, Kajiado iko mbele, halafu Il Bissil. Hapo gia ya tatu ukiiweka kwa mkono wako, mazee, oto haikupi hiyo raha. Lakini ni hapo hapo ng'ombe huvuka bila kuangalia, na kila senta kuna boda inaingia barabarani. Manuali haikufanyi dereva. Tumezika vijana wa kutosha kwa hii barabara.

Kitu kingine watu hawabongi ni DL. Kama ulifanya class ya B1 juu ni rahisi, hiyo ni ya oto pekee. Manuali inataka B2. Kuna msee ataagiza STI na hawezi kuitoa Mombasa bila kuomba beshte.

Na tuwache hii story ya "oto ni ya waoga". Toyota walileta Supra 2019 ikiwa oto tu, mafans wakalia, manuali ikakuja 2022. Halafu GR Yaris ya turbo, yenye ilianza na manuali pekee, ikaongezewa oto ya gia nane 2024. Kama Toyota wanaona zote mbili ziko sawa kwa gari ya mbio, wewe unabishana na nani?

Msimamo wangu ni huu. Kama hiyo ndiyo itakuwa gari yako moja tu, ya kazi, ya kupeleka mtoi shule, ya kufika keja mvua ikigeuza udongo mweusi kuwa ugali, chukua S4 ya oto na usiombe mtu msamaha. Kama uko na ingine ya jam, na hii ni ya wikendi, tafuta VAB sasa. Usingoje mpya yenye hujui giaboksi yake itakuwa gani ikifika Mombasa.

Na kama doo haijafika? Usichukue mkopo juu ya presha ya base. GR86 ilizinduliwa 2021, ikatoka na manuali na oto, na mlango wake uko wazi hadi mwisho wa 2028. Haina AWD na iko chini, so matope utaiskia. Lakini uko na muda wa kusave, na wa kuenda kufanya B2 pole pole.