Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wapo wanaoyachukua maneno hayo kuwa ni ukali wa mwenyeji aliyechoka kulisha watu. Lakini yakitazamwa vema yana heshima ndani yake, kwa kuwa anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Hutoka asubuhi pamoja na wenzake, na wakati wa mavuno naye ana neno la kusema.

Nchini Uganda usemi huo umekaribia kuwa sheria. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwapo tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, yalipopokea watu waliokimbia Rwanda. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri nchini, na anayekaa katika makazi hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipowasukuma watu kwa maelfu kuvuka mpaka, makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa wilayani Yumbe katika ardhi ya koo za wenyeji. Wazee wengi wa upande huo walijua maana ya kukosa pa kulala, kwani baada ya mwaka 1979 wao wenyewe walikimbilia Sudan na Zaire, wakarudi nyumbani baada ya miaka kadhaa.

Hata hivyo jembe peke yake halimfanyi mtu kuwa jirani. Aliyevuka mpaka amepoteza mali, na pamoja na mali amepoteza watu wanaomjua: wa kumwazima chumvi, wa kumwangalizia mtoto, na wa kumdhamini penye shaka. Serikali yaweza kutoa kiwanja, na mashirika yaweza kutoa blanketi na sufuria. Lakini hakuna ofisi inayogawa shangazi. Pengo hilo huzibwa na vyama ambavyo watu wanaviunda wenyewe.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Chama kilichoenea zaidi ni kikundi cha kuweka na kukopa. Mtindo wake ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo umeenea katika makazi mengi ya wakimbizi. Watu 15 hadi 30 hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, kwa kiasi walichokipatana, na hisa hizo hupigwa muhuri katika kitabu chake. Fedha hutiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali, hata asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Mwenye haja hukopa, akarudisha na faida ndogo. Pembeni kuna mfuko wa dharura kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwaka ukiisha, fedha zote hugawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mtu.

Faida ya sanduku hilo haiishii katika shilingi. Mama aliyekuja hana anayemjua, baada ya mwaka mmoja wa kukutana kila juma ana watu zaidi ya ishirini walioiona ahadi yake ikitimizwa. Hao ndio wadhamini wake. Na pale mwenyeji na mkimbizi wanapokaa katika kikundi kimoja, ugomvi wa kuni au wa mbuzi aliyekula mahindi hupata mahali pa kusemwa kabla ya kufika kituo cha polisi.

Haifai kudanganyana. Sanduku haliwezi kulisha makazi mazima. Mwezi wa Julai 2023, Mpango wa Chakula Duniani ulipopungukiwa fedha, wakimbizi wa Uganda waligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa katika mgao. Nchi hiyo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na viwanja vinavyogawiwa siku hizi ni vidogo kuliko vya zamani. Penye njaa hakuna hisa ya kununua. Chama huwasaidia watu kusimama. Hakiwezi kuchukua mahali pa ardhi wala pa chakula.

MJINI HAKUNA MGAO

Mkimbizi achaguaye kukaa Kampala huacha nyuma kiwanja na mgao, akajitegemea. Huko wanawake wengi wa Kikongo huchuuza vitenge na mapambo, wakitembea mtaa kwa mtaa. Wasipoijua sheria ya jiji juu ya leseni, bidhaa huchukuliwa, na mtaji wa miezi mingi hupotea katika saa moja. Watoto waliosoma kwa Kifaransa hukuta shule za Kiingereza, na mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini.

Mwaka 2007 vijana wa Kikongo mjini humo walianzisha chama kiitwacho YARID. Walianza kwa mazungumzo juu ya matatizo yao na kwa mpira wa miguu, ili vijana wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa chuki wacheze upande mmoja. Kisha yakaja madarasa ya Kiingereza, na mafunzo ya ushonaji kwa akina mama. Waanzilishi wake walikuwa wakimbizi wenyewe, kwa hiyo hawakuhitaji kuambiwa ni mlango upi mgumu kufunguka.

LUGHA INAYOFAHAMIKA

Katika jambo hili familia za askari wana nafasi ambayo wengine hawana. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na kwa sababu ya miaka mibaya iliyopita, raia wengi walikisikia kama sauti ya amri. Mwaka 2005 katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini mama atokaye Bukavu au Uvira amekisema tangu utotoni, jikoni na sokoni. Akifika mahali asipojua lugha ya wenyeji, huenda mtu wa kwanza kumwelewa akawa askari wa mpakani, na wa pili mke wa askari huyo. Neno la upole katika lugha hiyo humpa mgeni moyo, na pia huisafisha lugha yenyewe masikioni mwa watu.

WAJIBU WA JIRANI

Askari apokeaye kitambulisho cha mkimbizi na akisome kwa makini, aijue haki iliyomo kabla ya kuuliza lingine. Mama wa nyumbani mwenye kikundi cha akiba na akumbuke kwamba kiti kimoja akipewa jirani mgeni hakipunguzi sanduku. Hisa zake huliongeza. Mtoto aliyerudishwa darasa na asichekwe. Akisaidiwa Kiingereza jioni na mwenzake, wote wawili watajifunza.

Wahenga walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa mpango wa Uganda, mashirika hutakiwa kuelekeza kiasi cha asilimia 30 ya misaada kwa wenyeji. Kwa hiyo kisima kilichochimbwa kwa ajili ya wageni huchotwa na wote, na darasa lililojengwa kwa ajili yao huketi watoto wa pande zote mbili. Kisima hicho hudumu iwapo kina kamati, yenye wenyeji na wageni, inayokusanya senti za kukitengeneza kiharibikapo. Penye kisima kisicho na kamati, yafaa majirani waanze hapo.