Uliza "imeingia?" kabla ya kutuma tena

Wasee, hii story sikutaka kuiandika, lakini acha niseme tu.

Anti yangu ana kakampuni ka usafi. Ana vibarua 14 wanaoosha ofisi huko Westlands, na kila Jumamosi alikuwa anawalipa kwa M-PESA, mmoja mmoja, hadi saa mbili usiku. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Anti, wachana na hiyo. Nitakutengenezea programu iwalipe wote mara moja." Nikajifungia kwa nyumba hapa Mountain View wikendi mbili, nikamaliza. Kuna video ilikuwa imeniambia kazi ikifeli nisijali: weka mstari mmoja tu, programu itajaribu tena yenyewe. Nikaweka.

Jumamosi ya tatu mtandao ukawa unasuasua. Watu watano wakalipwa mara mbili. 3,600 mara tano, hiyo ni 18,000.

Watatu walirudisha siku hiyo hiyo. Mmoja akakubali kukatwa pole pole. Wa mwisho, mama wa Kangemi, alikuwa ashatuma zote shuleni kwa mtoto. Alidhani anti ameona bidii yake akamwongezea. Ilibidi anti ampigie amwambie ni makosa ya kompyuta. Kompyuta gani? Ni mimi. Hiyo 3,600 nililipa mwenyewe, na bado naona aibu nikipatana na huyo mama.

Sasa shida ilikuwa wapi? Kazi kama hizi hufanyika nyuma ya pazia. Unabonyeza "Lipa", programu inakuambia sawa, halafu inapanga malipo kwa foleni na kuyafanya moja moja wewe ukiendelea na mambo yako. Yakifeli, yanarudi kwa foleni. Poa. Lakini programu yangu ilijuaje yamefeli? Haikujua. Ilituma ombi, ikangoja sekunde 30, ikakosa jibu, ikaamua yenyewe. Kumbe ombi lilifika na pesa ikatoka. Jibu ndilo lilipotea njiani.

Ni kama kumtuma mtoto dukani na soo alete maziwa. Amechelewa, unamtuma mwingine na soo ingine bila kuuliza wa kwanza yuko wapi. Baadaye wote wanaingia na maziwa. Utawachapa?

Kuna "hapana" na kuna kimya. Ukiambiwa hapana, kwamba namba haiko M-PESA, hata ujaribu mara 100 jibu ni lile lile. Kimya maanake hujui, na mtu asiyejua anauliza kwanza. Daraja, ule mlango Safaricom imewafungulia watengenezaji programu waunganishe kazi zao na M-PESA, uko na njia ya kuuliza muamala umefika wapi. Mimi sikuitumia. Pia unafaa kupea kila malipo namba yake na kuiandika kabla pesa haijatoka: wiki ya 9, mfanyakazi wa 4. Kama hiyo namba iko na haina jibu, hakuna kulipa tena mpaka uulize. Usipopata jibu, ita mtu.

Na wale wanaojaribu tena kila sekunde, si mnajua vile stima hurudi, mtaa mzima unawasha pasi na hita pamoja, transfoma inapiga tena? Seva iliyolemewa ni hivyo hivyo. Sidekiq, ambayo watu wa Ruby hutumia sana, ukiiacha vile ilivyo hujaribu mara 25 kwa siku kama 20. Inaanza kwa kungoja sekunde chache, mwisho inangoja zaidi ya siku tatu, na inachanganya muda kidogo ndio kazi zisiamke pamoja. Zikishindwa zote, kazi inawekwa kando mtu aiangalie. Iko smati. Lakini fikiria mshahara wa kibarua ukilipwa na programu siku ya 20, na anti alishampea keshi siku ya kwanza! Hata Sidekiq wenyewe wanakushauri uandike kazi ambayo ikirudiwa haiharibu kitu. Hiyo sehemu kwa video haikuwa.

Sisemi kujaribu tena ni mbaya. Meseji ya risiti, picha ya kupakia, ripoti ya mwezi, acha zijirudie. Lakini ikifika kwa pesa ya mtu, hiyo mashine ikae imezimwa hadi uweze kujibu swali moja: kama ya kwanza ilifika, hii ya pili itafanya nini? Na sisi tunaofundisha kodi kwa video za dakika tatu, tuache kuweka huo mstari kama chumvi.

Kitu inaniuma ni hii. Anti alikuwa anajua hii yote. Meseji ya M-PESA ikichelewa, alikuwa anaangalia balansi, halafu anampigia mtu, "Imeingia?" Hapo ndio alikuwa anapoteza muda hadi saa mbili. Mimi nikaona ni ushamba, nikaitoa.

Siku hizi programu huuliza kwanza. Ikikosa jibu, inamtumia anti jina la mtu, na anti anapiga simu.