Trekta si Lori

Wadau, leo naiacha siasa kidogo, tuzungumze upepo. Si kaskazi wala kusi, ni ule uliomo ndani ya tairi la trekta.

Najua mtacheka. Sisi watu wa Ng'ambo na trekta wapi na wapi? Subirini. Mchele mwingi unaoliwa Unguja bado unakuja kwa meli, na bei ikipanda kelele zinasikika kuanzia Kikwajuni hadi Mwanakwerekwe. Dawa tunayoahidiwa miaka yote ni mpunga wetu wenyewe, wa Cheju na mabonde mengine. Matrekta yanaletwa, utepe unakatwa, na sisi waandishi tunaandika yamekuja mangapi. Habari za tairi hatuulizi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tairi la gari ndogo hujazwa kama psi 30, na la lori kubwa hufika 100. Tairi la nyuma la trekta, likiwa shambani kwa mwendo wa pole, mara nyingi linataka kati ya 12 na 20 tu, kutegemea aina ya tairi na uzito linaobeba. Ajabu, eh? Dude zito vile, upepo kiduchu!

Lakini ndiyo kazi ya tairi pana. Likiwa na upepo wa kipimo linalala kidogo, linakanyaga eneo kubwa na uzito unasambaa. Ukilijaza likawa gumu kama jiwe, uzito wote unaangukia pahala padogo. Hapo tairi linateleza, dizeli inaungua bure na udongo unashindiliwa. Mpunga wa kutegemea mvua ukikosa njia ya kupeleka mizizi chini, jua la siku chache linautesa. Mkulima atailaumu mbegu, au mvua.

Upepo ukipungua mno nao ni balaa. Kwenye lami tairi linapinda, linapata joto na kuchanika ubavuni. Na hapa ndipo penye kazi kwetu, maana trekta likitoka karakana ya Mbweni kwenda Cheju linaanza na lami na kumaliza na tope. Lami inataka upepo zaidi, tope linataka pungufu. Madereva ninaowaona hupiga tairi teke, likilia vizuri safari inaanza. Siwalaumu. Kisiwa chetu kimejaa mawe makali, pancha ni hasara, na geji hawajapewa.

Elimu hii si ngeni. Allis-Chalmers walianza kuuza matrekta ya matairi ya upepo mwaka 1932, kabla ya hapo yalikuwa na magurudumu ya chuma. Na nchi hii tumeshaona mashine zikitangulia maarifa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kule Kongwa, wakaleta matrekta mengi ya mitumba, udongo wao hawajaujua vizuri. Kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Maoni yangu ni haya. Kila trekta la umma liwe na geji na pampu yake. Jedwali la mtengenezaji libandikwe karibu na usukani kwa Kiswahili, upepo gani kwa uzito gani. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, na upunguzwe au uongezwe pale lami inapoishia. Dereva naye asipimwe kwa idadi ya eka peke yake, maana hapo hatashuka hata mara moja kuangalia tairi. Geji haifikii bei ya tangi moja la dizeli, sasa kisingizio kiko wapi?

Siku nyingine mkiona matrekta mapya yamepangwa kwa picha, ulizeni swali moja tu: geji iko wapi?

Mwasemaje wadau?