Wazee wa Buha wapewe kikao chao

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, serikali imehimiza mabaraza ya wazee toka kijijini hadi wilayani. Swali linalotukabili Kasulu na Kibondo ni kama mabaraza hayo ni ya wazee kweli. Baraza linaloitwa mgeni anapokuja, au Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1, inapowadia, ni la aliyeliita.

Buha, nchi ya Waha yenye Kasulu na Kibondo, ilikuwa na wateko. Hao ndio waliogawa ardhi, wakaamua migogoro ya mipaka na kuiombea nchi, hata pale Mwami, yaani chifu, alipotawala. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawatoa watu migombani, walikoishi kila kaya kivyake, ikawapanga kwenye vijiji. Mteko aliyekijua kila kijito cha mlima wake akapewa kiwanja kama wengine. Sitaki uchifu urudi. Ila mzee alikuwa na neno juu ya ardhi, na alipoondolewa hapo hakupewa kazi nyingine.

Leo vijana wanakwenda kulima Katavi na Tabora, kama babu zao walivyokwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga. Bibi anabaki na wajukuu, jembe, na maji ya kupandisha kutoka bondeni. Huyu anahitaji wenzake: wa kumsemea zahanati anapoambiwa dawa za msamaha zimekwisha akanunue, na wa kusimama mlangoni kwake kamchape, wasaka wachawi, wanapokuja kumwita mchawi. Bibi anayekaa na wenzake kila wiki, wakijua anakula nini na anaugua nini, si rahisi kumzulia. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na mabaraza.

Fedha je? Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wapo wanaotaka wazee waongezwe. Siungi mkono, mkopo kwa mtu wa miaka 75 utalipwa kwa kuuza mbuzi wake wa mwisho. Itengwe ruzuku ndogo ya vikao vya baraza: uji, chumba, na bodaboda kwa asiyeweza kupanda mlima. Pensheni ni deni kubwa zaidi, la taifa: Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wote waliofikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara bado.

Wengine wanahofia mabaraza yatageuka mahakama za wanaume. Hofu hiyo ina msingi, maana wajane wengi wamenyang'anywa mashamba na ukoo wa mume huku wazee wakiitikia kwa kichwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la watu saba liwe na wanawake watatu; la wazee liwe na nusu kwa nusu. Mwenyekiti wachague wenyewe, bila orodha kutoka ofisi ya kijiji. Na kikao kiendeshwe kwa Kiha, ofisa asiyekijua ndiye atafutiwe mkalimani.