Feni ya Injini na Ufundi wa Kubahatisha

Dereva anayepanda mlima wa Kitonga, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, huifahamu vyema saa ya kukodolea macho kipimajoto. Gari limejaa, gia ni ndogo, injini inatumia nguvu zake zote, na mwendo ni wa kobe. Upepo ambao kwa kawaida huingizwa na mwendo wa gari karibu haupo, na kazi yote ya kupitisha hewa kwenye rejeta huiangukia feni. Feni ikiwa nzima, gari litafika juu. Ikiwa dhaifu, gari litachemsha, na kuchemsha mara mbili tatu kwatosha kuipinda silinda hedi au kuiunguza gasketi yake. Gari lenyewe mara nyingi ni Land Cruiser au Land Rover ya zamani, mali ya zahanati, shule au misheni, wala hakuna jingine la kushika zamu yake.

Kwa sababu hiyo haifai kunyamazia tiba mbili ambazo gari linalochemsha hupewa katika gereji nyingi: kung'oa themostati, na kuifunga klachi ya feni kwa bolti au kwa kulehemu ili isiteleze tena. Tiba hizi hutolewa kabla ugonjwa haujatafutwa. Fundi asilaumiwe mno. Klachi mpya ni ghali, na sokoni bandia hukaa rafu moja na halisi. Hata hivyo, fizikia ya sekondari yatosha kabisa kuonyesha kwamba tiba hizo aghalabu huficha ugonjwa, na pengine huuongeza.

Yafaa kwanza ieleweke klachi hiyo hufanya nini. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilikuwa na feni iliyofungwa moja kwa moja, ikizunguka daima kwa mwendo wa puli yake. Land Cruiser nyingi za miaka ya 1980 na baadaye zina feni inayoshikiliwa na klachi ya mnato. Ndani ya klachi hiyo hakuna bamba la kusugua. Kuna mafuta ya silikoni, ambayo mnato wake ni mara elfu kadhaa kuliko wa maji. Usoni pake pamebandikwa utepe mdogo wa metali mbili, sawa na ule ambao kila mwanafunzi wa sekondari huchorewa ubaoni anapojifunza kutanuka kwa vitu. Hewa itokayo kwenye rejeta ikiwa ya moto, utepe hujikunja, hufungua kijitundu, na mafuta huingia kati ya mifereji ya sahani mbili zisizogusana. Sahani moja huiburuza nyingine kwa mnato huo, na feni hushika kasi. Hewa ikipoa, mafuta hurudi ghalani na feni huteleza.

Werevu huu una sababu ya hesabu. Hewa inayovutwa na feni huongezeka sawia na mwendo wa mzunguko, lakini nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu. Feni inayokula nguvu ya farasi mmoja katika mizunguko 1,500 kwa dakika itadai nguvu ya farasi wanane katika mizunguko 3,000. Aliyeilehemu klachi amejitwisha deni hilo katika kila kilomita ya tambarare, mahali ambapo upepo wa mwendo wa gari ungeipoza rejeta bure. Mkanda na beringi za pampu ya maji nazo hubeba mzigo huo.

Mafundi wengine hujibu kwamba Land Rover za kale zilizunguka Afrika nzima na feni isiyo na klachi. Ni kweli. Lakini feni ile, puli yake na mkanda wake vilipangwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Feni ya klachi aghalabu ni kubwa zaidi, na nyingi zina mapanga ya plastiki ambayo hayakukusudiwa kuzunguka kwa kasi kamili ya injini siku nzima. Kuifunga klachi ili mgonjwa afikishwe hospitali ni busara ya dharura. Kuiacha hivyo miaka mitatu ni jambo jingine.

Kuhusu themostati, kosa ni kubwa zaidi, kwa maana katika injini nyingi kifaa hicho kina kazi mbili. Kinapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiking'oa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kamwe, na injini iliyochemsha jana huchemsha zaidi leo penye mlima, ilhali asubuhi ya baridi huchelewa kupata moto, hula mafuta na kusaga silinda. Tena kukipima hakuhitaji gereji: sufuria ya maji, jiko na kipimajoto vyatosha. Chenye chapa ya 82 kianze kufunguka karibu na nyuzi 82.

Uchunguzi wenyewe ungepaswa kuanza kwa swali, si kwa spana: je, gari huchemsha lini? Likichemsha katika foleni, mchangani au mlimani, na kupoa likishika mwendo katika barabara nyoofu, hewa ndiyo inayoshukiwa, na feni ni ya kwanza kushtakiwa. Likichemsha kwa mwendo wa kasi barabarani, feni haina hatia kubwa, maana hapo kazi yake ni ndogo. Itazamwe rejeta iliyoziba ndani, mpira wa maji unaonywea, au pampu. Swali hili la dakika moja lingeziokoa klachi nyingi.

Kisha injini izimwe. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ya puli mbili uingie kama sentimeta moja, usizidi sana. Feni izungushwe kwa mkono: ikizunguka raundi kadhaa kama pia, mafuta yamekwisha, isipoteleza hata kidogo, klachi imekwama au mtu ameshailehemu. Michirizi myeusi ya mafuta na vumbi kuzunguka shina ni ushahidi wa kuvuja. Panga likitikiswa mbele na nyuma likacheza, beringi imechoka. Yote haya hufanywa injini ikiwa imezimwa. Wapo waliopoteza vidole kwa kutaka kuisimamisha feni inayozunguka. Na kifuniko cha rejeta kisiguswe kabla ya kupoa.

Kifuniko hicho nacho hudharauliwa isivyostahili. Chenye shinikizo la bar 0.9 huyazuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka kama yaliyo sufuriani, na mjini Iringa, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, hayo ni kama nyuzi 95 tu. Basi gari lisilo na kasoro nyingine laweza kutoka Dar es Salaam salama na kuaibika milimani.

Lakini hila inayowapoteza hata mafundi wazuri ni hii: klachi haihisi joto la maji, huhisi joto la hewa. Rejeta ikiziba ndani katika sehemu yake ya kati, hewa inayopita hapo huifikia klachi ikiwa bado ya baridi. Utepe haujikunji, feni huendelea kuteleza, na injini inaungua. Fundi huona feni iliyolegea, hutoa hukumu, hununua klachi mpya, na gari linachemsha tena. Matope na mbegu za nyasi zilizojaa kati ya mapezi ya rejeta, au kizingio cha feni kilichovunjika na kutupwa, nazo huinyima rejeta hewa yake.

Kuna imani moja zaidi ya kusahihishwa, kwa kuwa hata darasani huzua ubishi: kwamba feni ikigeuzwa uso nyuma itasukuma upepo mbele. Haitafanya hivyo. Nati ikigeuzwa kwenye bolti, hesi zake hubaki za upande uleule, na mapanga ya feni ni vivyo hivyo. Upepo utaelekea kulekule, ila kwa udhaifu, kwa sababu mpindo wa mapanga umeelekezwa vibaya. Anayetaka upepo ugeuke abadilishe nyaya za feni ya umeme. Huko ndiko mota hugeuza mzunguko.

Klachi iliyokwisha mafuta si lazima itupwe. Zile zilizoungwa kwa skrubu hufunguliwa, zikabadilishwa sili na kujazwa mafuta ya silikoni yenye mnato uliotajwa na mtengenezaji. Mafuta ya injini hayafai hata kidogo, maana joto huyafanya mepesi saa ileile ambayo uzito wake unahitajika. Silikoni hubadilika kidogo sana.

Shule iliyo karibu na gereji yaweza kuomba klachi iliyotupwa ambayo utepe wake ungali mzima. Ifungwe mezani, pembe ya shina la utepe itiwe alama ya chaki, kisha utepe umwagiwe maji ya nyuzi 40, 60 na 80 kwa zamu, na wanafunzi wachore grafu ya pembe na joto. Waone wenyewe ni nyuzi ngapi feni ile ilikuwa ikiamshwa.